Inang'aa Vipi?

Fundi Songoro ana mtoto wa jicho,
la kulia tangu masika, la kushoto linafuata,
na bado watu wanamletea sarafu za fedha azipime.
Duka lake liko Gongoni, upande usio na kivuli:
benchi, mizani, balbu moja ya njano
ambayo hataki ibadilishwe.
"Hizi nyeupe za siku hizi zinasifia kila kitu."

Mimi ndiye macho yake, kwa elfu tatu kwa siku na chai.
Naishika sarafu ukingo kwa ukingo, uso usiguswe.
Anasema: "Inamisha, Nyanzala. Sema."

Siku ya kwanza nilisema, inang'aa.
Akatema ganda la karanga.
"Bati linang'aa. Upara wa mwenye nyumba wangu unang'aa.
Nimekuuliza inang'aa vipi."

Tangu hapo natafuta maneno
kama mtu apapasaye sindano kwenye mkeka.

Ile shilingi ya simba, iliyolala kwenye soksi miaka yote:
nikiinamisha, mwanga unazunguka,
unapita mgongoni mwa simba, unarudi,
spoku za baiskeli inayosukumwa polepole juani.
"Hiyo haijaguswa. Hiyo ndiyo ngozi yake ya kuzaliwa."

Ile rupia ya Kaizari na kofia yake ya tai:
shavu limekwisha, sabuni ya juzi.
Lakini chini ya bawa, na katikati ya herufi,
nuru imejibanza,
mafuta nyuma ya sikio la mtoto aliyeshinda mchangani.

Na reale ya Sham, ile ya mama mwenye kifua:
haimeti, haiwaki, ina utando wa uji uliopoa.
Ukingoni zambarau, kisha buluu,
mafuta ya taa juu ya dimbwi pale stesheni.
Nilidhani uchafu. Nikainua pindo la kanga.
Alinipiga mkono kabla sijafuta.
Sijui aliona nini. Labda alisikia kitambaa.

Jumanne akaja Mama Kalekwa kutoka Isevya,
rupia moja ndani ya leso, leso ndani ya kopo la maziwa ya unga,
jasho puani, kucha nyeusi.
Mnunuzi anafika na treni ya Ijumaa;
yeye anataka bati kumi kabla ya mvua.
Akaiweka mezani,
na duka zima likapata dirisha la pili.

Nikaishika ukingo kwa ukingo.
Nikainamisha. Mwanga ulibaki pale pale.
Nikageuza. Pale pale.
Weupe wa sufuria siku ya Idi,
na mikwaruzo myembamba, maelfu,
yote ikielekea upande mmoja:
mkono wake wa kulia, usiku kucha, ndimu na majivu.

"Sema," akasema Fundi.

Mama Kalekwa alikuwa ananitazama mdomo.
Na maneno sasa nilikuwa nayo, nilikuwa nayo yote,
inameta, inameremeta, inazunguka,
neno moja tu, spoku,
na bati zake zinapata misumari.

Nilichelewa.
Fundi akageuza sikio, si jicho.
"Imesuguliwa," akasema, si kwangu.
"Kwa majivu gani?"
"Ya mninga," akajibu mama, karibu kwa fahari.
"Nilichekecha mara mbili."
"Mninga mzuri," akasema Fundi. "Hauna mchanga."
Kisha akavuta mizani, akataja bei ya uzito,
bei ya fedha tu, kana kwamba ni kijiko.

Bati mbili. Pengine mbili na nusu.

Aliikunja leso pembe kwa pembe, bila haraka.
Mlangoni akageuka, akaniuliza mimi:
"Lakini inang'aa, au siyo?"

Nikasema, "Inang'aa, mama."

Fundi alikuwa na karanga mdomoni.
Hakutema.